Kamusi ipangwe kwa ajili ya anayetafuta: niliyoongea na walimu Moshi

Haya ni maneno niliyoongea Moshi kwenye Siku ya Kiswahili, tarehe 7 Julai, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari. Wengi wameniomba maandishi, nimekaa nikayaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, kwa hiyo msishangae sentensi zikiwa ndefu.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu habari za mchana, na nyie vijana mliojazana huko nyuma mambo vipi. Nimeombwa niongelee kamusi na nimefurahi sana maana ndo kitu ninachokipenda, ila sitaongelea kamusi kwa ujumla, tutakesha hapa. Nataka jambo moja tu: neno likishaingia kwenye kamusi linakaa wapi, na linakaaje pale lilipo.

Mwalimu, naomba uniandikie ubaoni neno HAWAJATURUDISHIA. Asante. Tuseme mtoto wa darasa la sita kakutana nalo kwenye gazeti, kakwama, kaambiwa kalitafute kwenye kamusi. Anafungua herufi gani? Nasikia H, H, wengi H. Haya twende H. Atapekua H mwanzo mpaka mwisho na hatalikuta, kwa sababu kamusi ya Kiswahili haiweki kitenzi kikiwa kimevaa nguo zake zote, lazima ukivue kwanza. Ha ni ya kukanusha, wa ni wao, ja ni ya wakati, tu ni sisi, inabaki rudishia, nayo bado ina ile i ya kutendea, ukiitoa inabaki rudisha, na rudisha yenyewe imetoka kwa rudi. Kwa hiyo ni R!

Sasa angalieni tumemfanyia nini huyu mtoto. Ili apate neno asilolijua imembidi kwanza alichambue sarufi yake yote, yaani atakayelikuta ni yule ambaye tayari karibu analijua, na yule aliyekwama kabisa ndo anayekosa. Hii ndo ishu yangu leo na nitairudia mpaka mnichoke. Kamusi ipangwe kwa ajili ya anayetafuta, na pale isipowezekana, basi sisi walimu tumshike mkono huyo anayetafuta tumwonyeshe mlango uko wapi, maana kumwambia tu katafute kwenye kamusi halafu ukamwacha hapo siyo kufundisha.

Na rudi bado ni rahisi jamani. Vile vitenzi vya silabi moja ndo vinawatesa zaidi, kula, kuja, kufa, kunywa, kuwa. Mtoto anaandika amekula, ile ku anaiona, halafu kesho yake anasoma hajala, ku haipo tena imeenda wapi hajui, akitafuta kula kwenye K anakosa kwa sababu kidahizo ni la, kiko L, na akifika pale L anakuta kuna la nyingine kabisa ile ya kukataa, sasa achague. Kidahizo ndo lile neno la wino mzito linaloanza, wengine wanaita kitomeo, sitaki tugombane kwa hilo, leo nitasema kidahizo.

Vivumishi navyo vina yao. Habari njema, jambo jema, mtu mwema, vyote vimetoka kwenye -ema, na kamusi inaiweka -ema ikiwa na kistari mbele, kile kistari maana yake hapa kuna nafasi ya kiambishi cha ngeli. Kitabu kipya, gari jipya, nguo mpya, vyote nenda -pya. Mtu mzima anaona ni kitu kidogo lakini mtoto ambaye hajawahi kuambiwa kistari kina kazi gani anakipita tu kama uchafu wa uchapaji.

Nomino zina afadhali, kiasi. Inaingizwa kwa umoja, halafu pembeni unaonyeshwa wingi na ngeli, kwa mfano mtoto, kifupisho nm cha nomino, wa-, na kwenye mabano ya mraba a-/wa-. Ukiona watoto unajua urudi M, hiyo haisumbui mtu. Inasumbua pale ambapo wingi na umoja havifanani mwanzo wake. Meno yako kwa jino. Nyuso ziko kwa uso, ndimi ziko kwa ulimi, kuta ziko kwa ukuta, nyimbo ziko kwa wimbo. Mtoto kasoma "ndimi za moto", ndimi! Atatafuta N mpaka jua lizame kule Kibosho. Dawa yake ni ndogo sana na haina gharama ya kutisha, unaweka pale N mstari mmoja, ndimi, tazama ulimi, basi. Mistari kama hiyo kwenye kamusi nzima inaweza isizidi kurasa chache, na nikiona kamusi imejibana ikaiacha ili kuokoa karatasi mimi nasikitika kweli, kwa sababu karatasi imeokolewa na msomaji ametupwa.

Mtauliza kwani nani alipanga hivi. Hapa tuangalie nyuma kidogo maana historia inatuhusu hata sisi wa huku mlimani. Rebmann, yule mmisionari aliyeuona huu mlima wetu mwaka 1848 akasema una theluji na Ulaya wakambishia, alikuwa anaishi Rabai karibu na Mombasa pamoja na mmisionari mwenzake Krapf, na kamusi kubwa ya Krapf ya Kiswahili kwa Kiingereza ilichapwa London mwaka 1882, yeye mwenyewe kashafariki mwaka uliotangulia. Ile kamusi ilikuwa inamtafutia nani maneno? Mgeni. Mmisionari mwenzake, mfanyabiashara, ofisa. Akaja Madan, kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ikatoka 1903, na juu ya hiyo ikajengwa ile ya Johnson ya mwaka 1939, ambayo wazee hapa najua wengine wanayo nyumbani. Kote huko msomaji aliyefikiriwa kwanza ni mtu anayejifunza Kiswahili kutokea nje. Johnson alitoa pia ndogo ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, lakini kubwa iliyotufikiria sisi wenyewe kama wasomaji tulikuja kuipata 1981, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikarudiwa 2004 na 2013, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, nao wakatoa Kamusi Kuu mwaka 2015. Msomaji amebadilika, na kila anapobadilika mpangilio nao inabidi uulizwe upya.

Johnson wa 1939 ana kitu kimoja ambacho napenda tukitazame vizuri. Maneno mengi yaliyonyambuliwa ameyakusanya chini ya kitenzi mama, yaani unakwenda kwenye andika unakuta ukoo wake hapo, andikia, andikisha, maandiko, mwandishi, wote wamekaa pamoja. Waarabu walishafanya hivi zamani sana, kamusi zao kubwa zinafuata mzizi wa konsonanti, kwa hiyo kitabu, katibu na maktaba, ambayo sisi tumeyaweka K na M mbali kabisa, kwao yako sehemu moja chini ya k-t-b, na ile Lisan al-Arab ya Ibn Manzur iliyomalizika 1290 inapanga mizizi kwa herufi yake ya mwisho, siyo ya kwanza, inasemekana tu ni tabu mpaka uizoee. Wazulu nao, kamusi ya Doke na Vilakazi ya 1948 inapanga nomino kwa shina. Ingekuwa kwetu basi mtoto, utoto na kitoto vyote viko T.

Ni kitu kizuri, sikatai. Mtu anayesoma lugha akiuona ukoo wa neno umekaa pamoja anapata picha ambayo alfabeti inamficha. Mimi mwenyewe nikitaka kufikiri kuhusu neno nafungua Johnson. Lakini nikitaka kulipata haraka, darasa limejaa na wanafunzi wananiangalia, nataka alfabeti, nataka mwandishi iwe pale M ninapoitegemea. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba ukoo uonyeshwe, ila ndani ya maelezo, na mlango wa kuingilia ubaki kwenye herufi ambayo macho ya msomaji yanaiona.

Sasa kuna kitu hapa naomba walimu mnisikilize kwa makini. Kamusi zetu zinaweka minyambuliko, yaani vile vitenzi vilivyozaliwa na kitenzi mama, mwishoni mwa kitenzi kwa vifupisho, tde ni tendea, tdn ni tendana, tdk ni tendeka, tds ni tendesha, tdw ni tendwa. Inatosha kabisa pale ambapo maana haijaondoka nyumbani, pika na pikia mtu yeyote ataunganisha. Lakini chukueni sentensi hii, "alimwonea yatima". Mtoto wetu tumemfundisha kuvua viambishi, anavua vizuri sana, a, li, m, onea, anaondoa e, anafika ona. Anafungua O, anasoma ona ni kutambua kitu kwa macho. Kwa hiyo alimtazama yatima? Amefuata kila hatua tuliyompa na amefika pabaya, kwa sababu onea ya kudhulumu imeshahama, inajitegemea. Vivyo hivyo patana ukiiangalia kutokea pata, simamia kutokea simama, pendekeza kutokea penda, endelea kutokea enda. Mnyambuliko ukishapata maana yake mwenyewe unastahili kidahizo chake mwenyewe, wino mzito, herufi yake. Hapo mtunga kamusi hawezi kufanya kazi kama mashine ya kunyambua, lazima akae na kila kitenzi amuulize huyu bado yuko kwa mama au keshajitegemea, na ni kazi ya miaka, ndo maana mimi nawaheshimu sana watu wale.

Twende ndani ya kidahizo chenyewe. Neno KAA. Kaa la moto, wote mnalijua. Kaa yule wa pwani mwenye miguu mingi. Kaa chini. Haya ni maneno matatu yaliyogongana tu kwa sauti, kamusi inayatenga, kila moja linapewa namba ndogo juu yake, kaa ya 1, ya 2, ya 3. Na zile alama za ngeli ambazo watoto wanaziona kama mapambo ndo zinazookoa hapa: yule wa baharini ni a-/wa-, la moto ni li-/ya-, na wa tatu ni kitenzi, ana kt. Ukisoma "kaa limezima" ile li peke yake imeshakupeleka kwenye namba sahihi hata kabla hujasoma fasili, yale maelezo ya maana ya neno. Paa ni hivyohivyo, paa wa porini, paa la nyumba, paa kwenda juu, paa samaki magamba.

Lakini NDEGE je? Ndege ametua mtini, ndege imetua KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro. Ngeli tofauti, ila hapa kila mtu anaona ya pili imetoka kwa ya kwanza, kwa kuruka. Hii mimi naiacha kidahizo kimoja, maana mbili, kila maana na ngeli yake pembeni. Na MBUZI? Kuna anayekula majani na kuna ile ya kukunia nazi. Hapo watunga kamusi wanaweza kubishana na wote wakawa na hoja, mmoja anauliza asili, mwingine anauliza matumizi. Mimi nawatenga, kwa sababu mtoto wa Moshi akisoma "kaa kwenye mbuzi ukune nazi" hana kitu chochote cha kumuunganishia hizo mbili, na ninayemfikiria ni yeye.

Halafu mpangilio wa maana ndani ya neno moja, ipi iwe namba 1. Kuna wanaopanga kihistoria, ya zamani inatangulia, ile kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford iliyoanza kutoka vipandevipande 1884 ikamalizika 1928 imepangwa hivyo, na kwa kazi yake ni sawa, inasimulia maisha ya neno. Wengine wanapanga kwa wingi wa matumizi, inayotumika sana mbele, Waingereza haohao walikuja na kamusi ya COBUILD mwaka 1987 iliyotegemea maandishi mengi yaliyowekwa kwenye kompyuta kuangalia watu wanasema nini hasa. Kwa shule sina shaka, weka ya kawaida mbele. Msomaji aliyechoka anasoma namba 1 akatoka, kila mwalimu hapa analijua hilo.

Kitenzi PIGA ni mtihani wa peke yake. Piga mtu, piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga magoti, piga picha, piga chenga, piga hodi, na bado sijamaliza hata robo. Ukivimwaga tu bila mpangilio msomaji anazama. Nikiwa na kauli mimi nasema maana ya msingi itangulie, halafu misemo yote ipangwe kwa alfabeti ya lile neno la pili, chenga, hodi, kura, magoti, na kila mmoja uanze mstari mpya, hata kama unakula nafasi. Na kule kwa kura uweke kidole kimoja, tazama piga, kwa sababu kuna atakayeingilia mlango ule. Mtoto wa jicho, ule ugonjwa wa macho, uko mtoto au uko jicho? Chagua mmoja wa kueleza, mwingine uelekeze.

Sasa tuandike kidahizo chetu wenyewe, neno la hapahapa. KIHAMBA. Nani ananipa maana? Kijana kule kasema ni shamba. Mama hapa mbele anatikisa kichwa, na ana haki, shamba ni lile la kule chini tambarare la mahindi, mtu wa Uchagani akisema naenda shamba na akisema niko kihambani ni sehemu mbili tofauti. Mwingine kasema ni nyumbani. Karibu, lakini nyumba ya kupanga Majengo nayo ni nyumbani na siyo kihamba. Mnaona, fasili ya neno moja kwa neno moja inadanganya. Fasili nzuri inataja kwanza kundi, halafu kinachokitenga na wenzake wa kundi hilo. Tumepata hivi, na hii ni kazi ya ukumbi mzima:

kihamba nm vi- [ki-/vi-] eneo la ardhi la familia Uchagani, aghalabu lenye nyumba, migomba na kahawa, linalorithiwa ndani ya ukoo: Baba aliwagawia wanawe kihamba kabla hajafariki. Asili: Kichaga.

Uangalieni huo mfano wa sentensi. Watu wengi wanadhani ni mapambo, mimi nasema ni nusu ya kazi, kwa sababu fasili inakuambia kitu ni nini na sentensi inakuonyesha kinavyotembea, kwamba kihamba kinagawiwa, kinarithiwa, mtu anaweza kukigombania. Na jaribuni kuusomea mtu wa Lindi ambaye hajawahi kufika huku, akiuliza swali ujue umebakiza kitu nje. Maneno ya kwenye fasili nayo yawe mepesi kuliko neno lenyewe, kamusi ya Longman ya wanafunzi wa Kiingereza ya mwaka 1978 ilijiwekea sheria ieleze kila kitu kwa maneno ya kawaida kama 2,000 tu, na sioni kwa nini kamusi zetu za shule ya msingi zisijifunge hivyo. Sisi tunamweleza mtoto neno gumu kwa maneno matatu magumu zaidi, anatoka na maswali manne.

Kuna mzazi kaniuliza wakati wa chai, sa hivi si kuna apu, alfabeti ya nini tena. Swali zuri sana. Kwenye simu kweli hupekui, unaandika neno. Lakini apu nyingi zinatafuta herufi zilezile ulizoandika, ukiandika ndimi na hakuna aliyeiambia programu kwamba ndimi ni ulimi, inakujibu hamna, na mtoto anaamini hamna. Kwa hiyo ile "tazama" yangu kwenye simu inahitajika zaidi kuliko kwenye karatasi, na huko haina hata gharama ya ukurasa, unaweza kuingiza wingi wote na hata hawajaturudishia programu ikaivua yenyewe, inawezekana kabisa vijana wa kompyuta mnanisikia. Na mpangilio wa maana unazidi kuwa mzito, kwa sababu skrini ni ndogo, inaonyesha ya kwanza, zilizobaki zipo huko chini na watu hawateremki.

Walimu, nimewaachia karatasi hapo mezani, kila shule ichukue. Upande wa kwanza una maneno ya gazetini kama yalivyo, wameafikiana, nyuzi, jipya, tuliyempokea, hajafa, na mwanafunzi aandike herufi atakayofungua na kidahizo atakachokuta. Upande wa pili uko wazi. Hapo aandike kila neno alilotafuta mahali pasipo pake mwezi huu, na mbele yake aweke tazama na neno linalotakiwa, halafu mkishajaza mzikusanye, mzipange kwa alfabeti, mzibandike nyuma ya kamusi ya darasa, ili darasa linalokuja likifungua N kutafuta nyuzi likute limeelekezwa kwa uzi.